Kijana wangu ameingia chuo kikuu na simwelewi tena akiongea. Haya maneno yana maana gani?

MamaTeddy_Umoja

Habari za jioni nyote. Kifungua mimba wangu amepata nafasi ya chuo kikuu hapa hapa Nairobi kupitia KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, na ameripoti wiki hii. Kwetu hakuna aliyewahi kufika huko. Mimi niliishia kidato cha nne, baba yake ni fundi wa stima. Sasa akinipigia simu anieleze mambo ya huko naitikia tu "sawa, sawa", na simu ikikatika najiuliza nimeambiwa nini.

Juzi nimemsikia akimwambia mwenzake, "Hosteli zikijaa nitapaireti kwa yule jamaa wa Kakamega." Nikadhani ni biashara ya filamu za wizi. Leo ananiambia nisimtafute jioni kwa sababu kuna Kamukunji. Nikamuuliza, Kamukunji unaenda kununua sufuria? Alicheka mpaka nikakasirika.

Kisha akanitumia picha ya ujumbe wa kundi lao la WhatsApp. Naunakili kama ulivyo: "Makomredi, sajilini yuniti kabla potali ifungwe. Nominali roli iko na repu. Bila kadi hakuna mtihani. Ambao hawajaomba HEF waombe. Lekcha ya Jumatatu, ukumbi TBA." Hapo nilichoelewa ni "mtihani" na "Jumatatu".

Yeye mwenyewe hajui nusu ya hayo, ila anaona haya kuuliza asiitwe mshamba. Nisaidieni. Yapi ni ya lazima na yapi ni utani wa vijana? Yakiwa ya pesa, hayo nataka zaidi.

NjeriMwakaWaTatu

Mama Teddy, mwambie asiitafute TBA, haipo 😂 Si jengo. Maana yake ukumbi haujatangazwa. Kila Septemba tunawaona mafresha, yaani wageni wa mwaka wa kwanza, wamekunja ratiba mkononi wakiuliza askari wa lango "TBA iko upande gani", na kuna askari mmoja mtundu huwa anawaelekeza nyuma ya jiko la mesi.

Hayo mengine nitarudi, niko darasani.

Saiba_Ngara

Mama Teddy, hongera kwanza. Mtoto wa kwanza kufika chuo si jambo dogo.

Mimi sikusoma chuo kikuu. Nina saiba, duka la intaneti na kuchapisha, hapa Ngara, si mbali na steji ya Fig Tree, na wateja wangu karibu wote ni wanafunzi. Nawachapia kazi, nawafungulia potali, nawakopesha stepla hawarudishi. Kwa hivyo lugha yao naijua kwa upande wa shida zao. Na nikuambie ninavyoona: maneno ya hosteli, ya mapenzi na ya kuchekana Teddy atayajua kabla ya mwezi kuisha. Yanayouma ni yale yenye tarehe ya mwisho.

Anza na yuniti. Yuniti ni somo moja la muhula mmoja. Wazazi wengi wanadhani karo ikilipwa mtoto amesajiliwa. Hapana. Kila muhula lazima mwanafunzi mwenyewe aingie kwenye potali ya chuo, ile tovuti ya wanafunzi, achague yuniti zake, na potali ina siku ya kufungwa. Asipofanya hivyo atakaa darasani, atafanya CAT, atafanya mtihani, halafu mhadhiri akitaka kuingiza alama jina halipo. Hilo ndilo jambo la kumuuliza leo usiku kabla hujalala.

Nominali roli ni orodha ya majina ambayo mwanafunzi anaitia sahihi kila muhula kuthibitisha kwamba yuko. Repu ni kiongozi wa darasa, na ndiye huizungusha. Ukitaka ushauri wangu, namba ya repu ina kazi kuliko namba ya mhadhiri. Darasa likihamishwa, CAT ikisogezwa mbele, yeye ndiye anayejua.

CAT ni mtihani mdogo wa katikati ya muhula. Hapa ndipo mafresha wanajimaliza, kwa sababu wametoka sekondari ambako ni KCSE tu, ule mtihani wa mwisho, inayohesabika. Wanasema "ni CAT tu". Sasa tupige hesabu. Katika vyuo vyetu vingi CAT na kazi za nyumbani huchukua alama 30, mtihani wa mwisho 70. Aliyekosa CAT zote anaingia kwenye chumba cha mtihani akishindania 70. Akipata nusu kamili ya hizo, ana 35. Pasi kwa kozi nyingi ni 40, na kwa kozi kama udaktari ni 50. Yaani ameujibu mtihani vizuri kiasi na bado amefeli.

Kadi ya mtihani ni karatasi moja inayotolewa kwenye potali, ina jina na yuniti alizosajili. Kwa kawaida haitoki kama kuna deni la karo. Wiki ya mitihani foleni yangu inafika kwa muuza miwa. Kuna binti alinijia saa moja na nusu asubuhi, mtihani ni saa mbili. Potali inasema ana deni la shilingi 450. Alikuwa amelipa usiku kwa simu lakini malipo hayajaonekana. Vidole vinamtetemeka, anabonyeza pale pale tena na tena. Nikamwambia acha hiyo, fungua ujumbe wa malipo. Tukauchapa, tukachapa na taarifa ya karo, akakimbia nazo ofisi ya fedha akiwa ameshika viatu. Saa sita alirudi kuchapa notsi za karatasi ya mchana, kwa hivyo najua aliingia. Sikumlipisha zile za asubuhi. Jambo ni kwamba deni la mia nne linazuia sawasawa na deni la elfu arobaini, potali haina huruma.

Sasa sikiliza hapa vizuri, kwa sababu haya matatu hata wazazi waliosoma huyachanganya: speshali, sapu na ritek.

Speshali ni pale mwanafunzi hakuweza kufanya mtihani kwa sababu inayokubalika, kama ugonjwa au msiba, akaandika barua na kuambatisha ushahidi. Anafanya baadaye na alama zake zinahesabiwa zote. Sapu ni ya aliyefeli. Anarudia mtihani peke yake, na katika vyuo vingi hata akipata 80 anaandikiwa pasi tu, ile 40. Ritek ni kurudia somo zima: darasa, CAT, mtihani, na mara nyingi unalipia yuniti upya.

Kwa hivyo Teddy akiugua wakati wa mtihani asijikaze akaenda kufeli, na asilale hosteli akisema ataeleza baadaye. Aende kliniki ya chuo, apate barua ya daktari, aifikishe idarani siku zile zile, abaki na nakala. Ukiangalia sana, kinachotenganisha speshali na sapu mara nyingi ni hiyo barua.

Misin maksi ni alama zilizopotea. Alifanya mtihani, alitia sahihi, lakini kwenye transkripti, karatasi ya alama zake zote, kuna pengo. Hawa huja kwangu wakiwa mwaka wa nne, gauni la mahafali limekaribia, wanatafuta alama za mwaka wa kwanza, na mhadhiri wa wakati ule ameshahama nchi. Dawa ni kuweka karatasi. Kila CAT iliyosahihishwa akirudishiwa asifungie mandazi, aipige picha na aihifadhi. Na aangalie matokeo kila muhula yanapotoka, akiona pengo aanzie kwa COD, yaani mkuu wa idara. Si kwa VC. Kila mwaka kuna kijana anayeniambia nimwandikie barua kwa VC, mkuu wa chuo kizima, kwa sababu ya CAT moja.

Kuna neno jingine, mwakenya. Ni vikaratasi vya kuibia mtihani. Watu huniletea notsi wakiniomba nipunguze maandishi mpaka yaenee kiganjani. Nawafukuza. Ina pesa nzuri, lakini anayeshikwa nayo anaweza kufukuzwa chuo, na mimi nina watoto.

Za pesa narudi, kuna mteja printa imemkwamia.

MzeeBoom

Saiba umesema vyema, ila hilo la mwakenya ungewapa na historia yake. Mwakenya lilikuwa vuguvugu la chini kwa chini la kupinga serikali ya chama kimoja. Mwaka 1986 watu wengi walikamatwa, wahadhiri na wanafunzi wakiwemo, na kupatikana na kikaratasi chake ilikuwa jela. Hawa vijana wanalitaja wakicheka, hawajui kuna watu walipoteza miaka.

Na Mama Teddy hukukosea sana kuhusu Kamukunji. Jina limetoka huko huko kunakouzwa sufuria, kwenye uwanja ule karibu na Gikomba. Ndipo ilipoitishwa mikutano mikubwa ya siasa, pamoja na ule wa Saba Saba, Julai 7, 1990. Basi wanafunzi mkutano wao wa dharura wanauita hivyo. Sisi Chuo Kikuu cha Nairobi chama chetu cha wanafunzi kilikuwa SONU, siku hizi kuna UNSA. Na viongozi hawachaguliwi tena na wanafunzi wote moja kwa moja kama zamani, sheria ya 2016 ilileta wajumbe wa kupiga kura kwa niaba ya wengine. Sitasema zaidi, shinikizo la damu litapanda.

Enzi zetu mkopo tuliuita boom. Boom ikitoka, nyama choma ya Kenyatta Market ilikuwa haitoshi. HELB yenyewe, bodi ya mikopo ya wanafunzi, iliundwa 1995. Na KUCCPS enzi hizo ilikuwa JAB, ilibadilika kwa sheria ya 2012. Ndiyo maana utasikia wazee wakiuliza, "Mtoto wako ni JAB au ni parallel?" Wanauliza kama aliletwa na serikali au anajilipia.

NjeriMwakaWaTatu

Nimerudi. Hosteli niachieni mimi.

Kupaireti ni kulala kwenye chumba ambacho hukupewa. Chumba ni cha wawili, mnakuwa watatu au wanne, mwenye chumba anachangiwa kitu kidogo. Ni kinyume cha kanuni na kila mtu anafanya, kwa sababu vitanda havitoshi na nje kodi ni kali. Mama, usimgombeze sana. Muulize tu huyo wa Kakamega ni nani na kama godoro lipo. Wasimamizi wakifanya msako wa usiku anayepaireti hutoka na blanketi yake, na mwenye chumba anaweza kunyang'anywa.

Kuegzailiwa: mwenzako wa chumba ana mgeni, wewe unaambiwa "kasome laibrari". Usiku. Ukiwa na mtihani kesho. Mimi mwaka wa kwanza nilivumilia, mwaka wa pili nilikaa kitandani nikafungua kitabu, wakaondoka wenyewe. Teddy aelewane na wenzake mapema.

Goldi rashi ni zile wiki za mwanzo, vijana wa mwaka wa tatu na wa nne wakiwakimbilia wasichana wageni. Wanajitolea kukubebea sanduku, kukuonyesha benki, kukusajilia yuniti. Nenosiri la potali asipewe mtu yeyote, awe mvulana au msichana. Kuna mwenzangu aliyesajiliwa yuniti za kozi nyingine na "msaidizi", alikuja kujua wiki ya CAT.

Komredi ni mwanafunzi yeyote. Mesi ni mahali pa kula pa chuo, bei ni nafuu kuliko vibandani lakini ukichelewa unakuta wali umeisha, imebaki supu.

Na MzeeBoom, za madaraja umesahau. Wastani wa 70 na zaidi ni fes klasi, 60 mpaka 69 ni seken apa, 50 mpaka 59 ni seken loa, 40 mpaka 49 ni pasi. Seken apa ndiyo watu wote wanaitafuta, kwa sababu matangazo mengi ya kazi nzuri yanaanzia hapo.

MamaTeddy_Umoja

Mungu awabariki. Huyo wa Kakamega nimeshaomba namba yake.

Nimempigia Teddy nikamuuliza, umesajili yuniti? Akanijibu, "Mathe si karo tulilipa?" Nimemsomea maneno ya Saiba neno kwa neno. Amenyamaza, kisha akasema ngoja.

Saiba, usinisahau na ile ya pesa. Yeye HEF aliomba, majibu yakaja Bendi ya 3. Hiyo ni nzuri au mbaya?

Saiba_Ngara

Printa imepona. Haya.

KUCCPS kazi yake kwa Teddy imeisha, isipokuwa akitaka kuhama chuo au kozi, hapo atarudi kwao. HEF ndiyo potali ya kuombea pesa. Pesa zenyewe ni za aina mbili na watu hawazitofautishi. Kuna skolashipu, inatoka kwa Hazina ya Vyuo Vikuu na hairudishwi. Na kuna mkopo, unatoka HELB na unarudishwa. Mtoto akikuambia "serikali imenilipia", muulize ngapi ni skolashipu na ngapi ni deni lake.

Bendi zilikuja na mpango ulioanza na wanafunzi wa 2023. Familia ikionekana haina uwezo kabisa inawekwa Bendi ya 1: skolashipu asilimia 70, mkopo 25, nyumbani 5. Yenye uwezo zaidi ni Bendi ya 5: skolashipu 30, mkopo 30, nyumbani 40. Ya Teddy iko katikati: 50, 30, na wewe 20. Kozi ikiwa ya shilingi 200,000 kwa mwaka, laki moja ni skolashipu, 60,000 ni mkopo, na 40,000 zinakutafuta Umoja. Kama mnaona bendi haiendani na hali ya nyumbani, kuna rufaa kwenye potali hiyo hiyo, na huwa ina muda wake, msikae nayo.

Apkip ni pesa ya matumizi. Hii pia ni mkopo wa HELB, na mpango ulipoanza ilikuwa 60,000 kwa mwaka kwa Bendi ya 1 ikishuka mpaka 40,000 kwa Bendi ya 5. Inaingia kwa mwanafunzi mwenyewe, chuo hakiioni. Sisemi asinunue kiatu. Nasema naona simu mpya zikija kwa saiba wiki ile inatoka, na wiki tatu baadaye mwenye simu anaomba nimchapie kurasa mbili kwa deni.

Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka. Kulipa kunaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza, na asiyelipa hutozwa faini ya 5,000 kila mwezi. Halafu mkopo unaombwa kila mwaka upya. Wengi wanaomba mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wanakaa wakisubiri ujiingize wenyewe.

MzeeBoom

Faini hiyo naijua. Niulizeni.

MamaTeddy_Umoja

Arobaini elfu nitaigawa kwa mihula miwili, chama chetu kinanizungukia mwezi wa kumi na moja. Asante sana Saiba.

Teddy amepiga tena. Amesajili sita, ya saba inakataa. Anasema imeandika kundi limejaa. Potali inafungwa Ijumaa.

Saiba_Ngara

Akipiga tena mwambie asiendelee kubonyeza, itamtoa nje. Apige picha ya skrini ikionyesha hayo maneno na saa. Kesho asubuhi aende idara inayofundisha hiyo yuniti, ambayo si lazima iwe idara yake mwenyewe, aulizie wa kufungua kundi la pili. Aende na repu, kwa sababu kama yeye amekataliwa, kuna wengine ishirini wamekataliwa naye. Wafike kabla ya saa nne, baada ya hapo COD huwa kwenye mikutano.

NjeriMwakaWaTatu

Na abebe barua ya kujiunga na chuo, karani wa idara ataiitisha tu.